SOMO LA WAFANYAKAZI: RELI IHAMISHWE AU IBAKI?
Mafunzo kutoka mji wa Lafayette, Marekani



Somo letu la safari hii linahusu reli na watu wanaoishi kando yake. Tumelichagua kwa sababu wengi wetu tunaishi hapo. Viwanda hujengwa karibu na reli ili mali iingie na kutoka kwa urahisi. Mashamba makubwa nayo yana reli ndogo za kubebea miwa au mkonge. Nyumba za wafanyakazi hujengwa hapo hapo, mahali ambapo wakubwa wenyewe hawataki kulala kwa sababu ya kelele na moshi.

Sisi tunaoandika somo hili tulifanya kazi miaka mingi katika shamba la miwa. Kambi yetu ilikuwa upande mmoja wa reli, na zahanati ilikuwa upande wa pili. Wakati wa mavuno mabehewa ya miwa yalisimama njiani yakingoja zamu ya kuingia kiwandani. Mama mwenye mtoto mgonjwa alikuwa na njia mbili tu: angoje, au apite chini ya behewa. Tulilalamika kambini na tukanung'unika vilabuni, lakini hatukupata kuandika hata barua moja iliyosema ni mabehewa mangapi yaliyosimama, saa ngapi, na mara ngapi kwa juma. Tulipomwendea meneja alitujibu kwa ufupi: "Reli ilikuwapo kabla yenu." Tukanyamaza, tukarudi kambini.

Siku hizi tungekuwa na la kumjibu. Sehemu ya jibu tuliipata kwa kusoma habari za mji mmoja wa Marekani ambao watu wake walijadiliana miaka mingi kama reli ihamishwe au ibaki. Someni habari hizi polepole, kisha mzijadili katika mikutano ya matawi. Maswali tumeyaweka mwishoni.

1. MJI WENYEWE

Lafayette ni mji katika jimbo la Indiana, ukingoni mwa mto Wabash. Ulianzishwa mwaka 1825. Ng'ambo ya mto upo mji ndugu uitwao West Lafayette, na huko ndiko kuliko na Chuo Kikuu cha Purdue. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1869 na kikapewa jina la John Purdue, mfanyabiashara wa Lafayette aliyetoa dola 150,000 ili kijengwe. Masomo yalianza mwaka 1874. Leo kina makumi ya maelfu ya wanafunzi, na watu wengi wa miji hiyo miwili hupata riziki yao kwa namna moja au nyingine kutokana na chuo.

Kuna jambo dogo hapa litakalowafurahisha mafundi wetu. Wachezaji na wanafunzi wa Purdue huitwa "Boilermakers", yaani mafundi wa kuunda matangi ya mvuke. Jina hilo lilitoka magazetini mwaka 1891, baada ya timu yao kuishinda timu ya chuo kingine. Katika mwaka huo huo chuo kilipata injini ya treni ya mvuke, si ya kusafiria bali ya kufundishia na kufanyia majaribio. Basi chuo chenyewe kina jina la mafundi, na sifa yake ya zamani imefungamana na treni. Msidhani kuwa watu wa huko walikuwa maadui wa reli.

Reli ilifika Lafayette katika miaka ya 1850. Kampuni moja ilipitisha njia yake katikati kabisa ya barabara ya mji iitwayo Mtaa wa Tano. Baadaye reli hiyo ilijulikana kwa jina la Monon, na karakana yake kubwa ya kutengeneza injini na mabehewa ilikuwa Lafayette. Zilikuwapo na reli nyingine tatu: Wabash, Nickel Plate na ile iliyoitwa Big Four. Mji mmoja ukawa na reli nne, kila moja ikikata barabara mahali ilipopenda.

Wakati ule watu walishangilia. Reli ilileta kazi, ilileta bidhaa, na ilipeleka nafaka ya wakulima sokoni. Nasi tukiri ukweli huo. Anayezungumza juu ya kuihamisha reli bila kusema kwamba reli ndiyo iliyowalisha watu wengi, huyo hasemi kweli yote.

2. TAABU ILIANZIA WAPI

Taabu haikuanza siku moja. Mji ulikua, magari yakaongezeka, na treni zenyewe zikawa ndefu zaidi. Katika Mtaa wa Tano treni ilipita katikati ya barabara, maduka kulia na kushoto, na magari yameegeshwa pembeni. Abiria wa treni walipanda na kushuka pale pale barabarani. Wageni waliokuja kutazama waliona ni jambo la ajabu na la kupendeza. Mkazi wa kila siku aliona mengine.

Tufanye hesabu ndogo ili tuelewe. Chukua treni ya mizigo yenye mabehewa 100. Behewa moja tuseme lina urefu wa mita 16. Treni nzima basi ina mita 1,600, yaani zaidi ya kilomita moja na nusu. Ikipita mjini inakwenda polepole kwa ajili ya usalama, tuseme kilomita 16 kwa saa. Itachukua dakika 6 kupita mbele yako. Zikipita treni 10 kwa siku, barabara moja imefungwa kwa saa nzima. Na treni moja huziba barabara nyingi kwa wakati mmoja, kwa hiyo mwenye gari hawezi kukimbilia barabara ya pili akapita.

Dakika 6 si kitu kwa mtu anayekwenda kununua sigara. Kwa mfanyakazi anayewahi zamu na ambaye hukatwa mshahara akichelewa, dakika 6 ni fedha. Kwa nyumba inayoungua, au mama aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa, dakika 6 ni uhai.

Tena kuna hatari ya kugongwa. Treni si gari. Treni ndefu ya mizigo ikienda kwa kasi ya kawaida nje ya mji huhitaji zaidi ya kilomita moja ili isimame. Dereva wa treni anaweza kumwona mtu njiani, akapiga honi, akafunga breki, na bado asiweze kumwokoa. Ndugu zetu wa reli wanaijua huzuni hiyo. Kila kivuko cha reli na barabara ni mahali pa hatari kwa anayevuka na kwa anayeendesha.

3. PANDE ZA MJADALA

Mji unapojiuliza kama reli ihamishwe, watu hawasemi kwa sauti moja. Tuziangalie hoja moja moja, maana ndizo mtakazokutana nazo hata kwenu.

Wako wanaosema: ihamishwe. Hawa ni wazazi wenye watoto wanaovuka kwenda shule, watu wa zimamoto na wa magari ya wagonjwa, na wakazi wasiolala kwa honi za usiku. Wamo pia wenye maduka, wanaosema wateja huogopa kuja katikati ya mji.

Wako wanaosema: ibaki. Wengine hutazama gharama, wakasema fedha hizo zijenge shule au zipunguze kodi. Wengine wana nyumba au karakana mahali ambapo njia mpya itapita. Hao huuliza, "Taabu mnayoitoa kwenu, mbona mnaileta kwetu?" Na wako wanaoipenda reli kama kumbukumbu ya wazee wao.

Wako wanaosema: si lazima kuihamisha. Tujenge madaraja juu ya reli, tuweke vizuizi na taa kwenye vivuko, au treni zipangiwe saa za kupita. Hoja hii ni nafuu kwa fedha, na mara nyingine inatosha. Lakini daraja moja halisaidii sana mahali penye vivuko makumi.

Na iko kampuni ya reli. Hii huuliza jambo moja: nani atalipa? Njia mpya ikiwa nzuri na treni zikienda kasi zaidi, kampuni itafaidika. Lakini ikiachiwa gharama yote, haitakubali.

Ndugu, angalieni kwamba hakuna mjinga katika watu hawa wote. Kila mmoja anasema anayoyaona kutoka mlangoni kwake. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijua maiti. Kazi ya mkutano wa watu ni kuhakikisha kwamba anayeumia zaidi naye anasikiwa, si mwenye sauti kubwa peke yake.

4. LAFAYETTE WALIVYOFANYA

Mji peke yake usingeweza. Njia ilifunguka baada ya mwaka 1973, Bunge la Marekani lilipopitisha sheria ya barabara ambayo ndani yake kulikuwa na fedha za kufanyia majaribio ya kutenganisha reli na barabara katika miji kadhaa. Lafayette ikaingia katika mpango huo. Mbunge wao, John Myers, alifuatilia fedha huko Washington. Meya wa mji, James Riehle, aliyekuwa madarakani kwa zaidi ya miaka 20 tangu 1972, aliishikilia kazi hiyo mkononi. Serikali kuu, jimbo na mji walichanga kwa pamoja, na kampuni za reli zikakaa mezani.

Kampuni zenyewe zilikuwa zikibadilika. Mwaka 1964 Wabash na Nickel Plate zilikwenda chini ya Norfolk and Western, ambayo baadaye ikawa Norfolk Southern. Mwaka 1971 Monon ilimezwa na Louisville and Nashville, na baadaye ikawa sehemu ya CSX. Tunataja majina haya kwa sababu yana funzo: kampuni uliyozungumza nayo jana si lazima iwe ndiyo ya kesho. Makubaliano ya mdomo huondoka na meneja. Yaliyoandikwa hubaki.

Mpango waliokubaliana haukuwa wa kuifukuza reli mjini. Ulikuwa wa kuzikusanya njia kuu mbili zilizobaki, ya CSX na ya Norfolk Southern, na kuziweka pamoja kando ya mto, barabara zikapita juu yake kwa madaraja. Kazi ilifanywa kwa vipande, fedha zilipopatikana. Mwaka 1994 treni ya mwisho ilipita katika Mtaa wa Tano, baada ya treni kuutumia mtaa huo kwa takriban miaka 140. Njia ya Norfolk Southern ilifuata baadaye, na kazi yote ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 2000. Vivuko zaidi ya 40 viliondolewa. Gharama ilipita dola milioni 100.

Jengo moja la zamani la stesheni halikubomolewa. Lilinyanyuliwa likahamishiwa kando ya njia mpya, na mpaka leo treni ya abiria husimama hapo. Mbele yake pana uwanja uliopewa jina la meya yule, na daraja la zamani la mto limekuwa la waendao kwa miguu, nao huvuka kutoka mji mmoja hadi mwingine bila kuogopa magari. Waliopenda kumbukumbu walipata kitu, na waliotaka usalama walipata walichotaka.

Lakini hesabuni miaka. Tangu sheria ya 1973 mpaka kazi kumalizika ni karibu miaka 30. Mzazi aliyedai kivuko salama kwa ajili ya mtoto wake huenda alikuja kukiona akiwa na wajukuu. Haya si mambo ya mkutano mmoja na makofi.

5. MJI MWINGINE, MWISHO MWINGINE

Ili msidhani kila mpango hufaulu, tutaje mji wa Carbondale, katika jimbo la Illinois. Nao ni mji wa chuo, maana upo hapo Chuo Kikuu cha Southern Illinois. Reli ya Illinois Central imeupasua mji katikati. Nao ulikuwa na mpango wake chini ya utaratibu ule ule wa majaribio, na wazo kubwa lilikuwa kuishusha reli ndani ya mfereji mrefu ili barabara zipite juu. Baadhi ya kazi zilifanyika, lakini mfereji haukuchimbwa. Hadi leo treni hupita katikati ya Carbondale, juu ya ardhi kama zamani.

Tofauti si kwamba watu wa Carbondale walikuwa wavivu. Mpango mkubwa hutegemea fedha inayotolewa mwaka hadi mwaka, na fedha ikikatika mpango hubaki karatasini. Kwa hiyo anayedai jambo kubwa adai na jambo dogo pamoja nalo, kama vile mlinzi wa kivuko, taa, au daraja la waendao kwa miguu. Hivyo watu hawatakaa mikono mitupu wakingojea.

6. KARIBU NASI

Kwetu Afrika Mashariki swali huja mara nyingi limegeuzwa. Lafayette waliihamisha reli kwa ajili ya watu. Sisi tumezoea kuona watu wakihamishwa kwa ajili ya reli. Huko Nairobi, mwaka 2004, wakazi wa Kibera waliojenga kando ya njia ya reli walipewa notisi ya siku 30 waondoke. Walipinga, na notisi ikasimamishwa. Baadaye hesabu ya nyumba na vibanda ilifanywa na wakazi wenyewe wakishiriki, na mpango ukatengenezwa wa kuwajengea makazi karibu na pale pale walipokuwa, badala ya kuwatupa mbali na kazi zao. Mpango huo ulichukua miaka mingi nao, na haukukosa malalamiko. Lakini tofauti kati ya notisi ya siku 30 na nyumba yenye mlango ni kubwa, na kilicholeta tofauti hiyo ni watu kukutana, kukataa, na kuhesabiwa.

7. MAFUNZO KWETU

Kwanza, hesabuni kabla ya kulalamika. Tawi likiweka watu wawili na daftari kivukoni kwa juma moja, wakaandika saa treni ilipofika, saa ilipoondoka, na watu wangapi walikwama, hiyo ni hoja ambayo meneja hawezi kuicheka. Sisi katika shamba lile hatukuwa na daftari, ndiyo maana tulishindwa.

Pili, msishindwe na neno "reli ilikuwapo kabla yenu". Mji wa Lafayette ulikuwapo kabla ya reli, Kibera reli ilikuwapo kabla ya vibanda, na mahali pote pawili ilibidi watu wakae wazungumze. Aliyetangulia si swali la maana. Swali la maana ni nani anaumia leo na nini kinaweza kufanywa.

Tatu, ulizeni njia mpya itapita juu ya nani. Ukiondoa hatari mlangoni pa tajiri ukaiweka mlangoni pa maskini, hujaiondoa. Watakaoguswa na njia mpya waitwe mkutanoni tangu siku ya kwanza, si siku ya tingatinga.

Nne, ulizeni ardhi ya njia ya zamani itakuwa ya nani. Reli ikiondoka, mahali palipokuwa na kelele panakuwa pazuri, na kodi za nyumba huweza kupanda. Wapangaji waliovumilia kelele wasije wakafukuzwa siku kimya kinapoingia. Jambo hili liandikwe mapema.

Tano, wafanyakazi wa reli ni wenzetu. Msikubali kugombanishwa nao. Wanagenge, madereva na watu wa stesheni wanavijua vivuko vya hatari kuliko ofisi yoyote. Hakikisheni pia kwamba reli ikibadilishwa, kazi zao hazipotei kimya kimya.

Sita, kazi ndefu hutaka kumbukumbu. Viongozi wa tawi hubadilika, wengine hustaafu, wengine hufa. Jalada la barua na hesabu lisiwe nyumbani kwa mtu mmoja. Miaka 30 ni mingi, na atakayemaliza huenda sasa yuko darasa la kwanza.

MASWALI YA MJADALA TAWINI

1. Katika sehemu yenu, reli au barabara ya kiwanda inawatenga watu na nini: zahanati, shule, maji, au soko?

2. Nani kati yenu anaweza kusema kwa hakika ni mara ngapi kwa juma njia hufungwa, na kwa dakika ngapi? Kama hakuna, mtaanza kuhesabu lini, na nani atashika daftari?

3. Andikeni madai mawili: moja kubwa litakalochukua miaka, na moja dogo linaloweza kutimizwa ndani ya miezi mitatu.

4. Ni nani ataumia madai yenu yakikubaliwa? Mmekwisha kuzungumza naye?

5. Wafanyakazi wa reli walio karibu nanyi wana chama? Mmewahi kukutana nao?

Majibu ya matawi yaandikwe na kuletwa kwetu, nasi tutayajadili katika somo lijalo. Asiyejua kuandika amwambie mwenzake amwandikie. Yule mama aliyepita chini ya behewa na mtoto mgongoni hakujua kuandika, na sisi tuliojua hatukumwandikia. Tusirudie kosa hilo.

Umoja ni nguvu.